Mbwa wa ajabu kutoka nje? Tazama ng'ambo ya ziwa kwanza

Mkuu, umeuliza ni mbwa gani wa nje, wa aina zisizojulikana sana, anayeweza kufugwa hapa Kigoma, ukataja wawili uliowaona kwenye simu: asiye na manyoya, na yule mwenye nywele kama dekio. Nafuga mbwa Gungu huu mwaka wa kumi na sita, na nimezika wengi kuliko niliouza. Nakujibu kwa nilivyoona.

Huyo wa dekio ni Komondor, wa Hungaria. Zile kamba ni manyoya yake yaliyojisokota, yakamkinga na baridi na meno ya mbwa mwitu alipokuwa akilinda kondoo. Ukimuogesha, siku nzima inaweza kuisha hajakauka. Sasa mlete hapa mwezi wa tatu, tope la Gungu hili, halafu anza kutafuta kupe ndani ya hizo kamba. Achana naye.

Asiye na manyoya ni Xoloitzcuintli wa Mexico. Joto analimudu, lakini kitu kilekile cha kurithi kinachomnyima manyoya humpunguzia na meno, na ngozi yake inaungua jua. Utanunua mbwa wa kumfungia ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Wapo wa ajabu zaidi yake. Kuna Lundehund wa Norwe, ana vidole sita kila mguu, alikuwa akipanda majabali ya baharini kuchomoa ndege kwenye mashimo yao. Ugonjwa wa distempa uliwafagia wakabaki wachache mno, na waliopo leo wametokana na hao wachache, ndiyo maana wanasumbuliwa sana na matumbo. Hapo ndipo penye mtego wa mbwa adimu: uadimu maana yake mara nyingi ni ndugu kuzaa na ndugu.

Lakini kituko changu mimi ni basenji, na asili yake ni msitu wa Kongo, ng'ambo yetu huko, mbele ya Kalemie. Mdogo, kilo kumi au kumi na moja, mkia umekunjwa kama kitumbua, paji la uso limejaa makunyanzi kama mzee anayedaiwa. Habweki. Si bubu, koo lake limekaa vingine, anatoa sauti ya kuviringisha, katikati ya kuimba na kulia. Kwa kuwa ni kimya, wawindaji wa kule humfunga shingoni njuga ya mti ili wajue yuko wapi anapofukuzia wanyama kwenye nyavu. Jike huingia joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi ni mara mbili.

Na jina lake sasa! Basenji ni neno ndugu na hili letu la washenzi: watu wa porini. Sisi tukisema "mbwa shenzi" tunamaanisha huyo wa kurushiwa jiwe. Waingereza walichukua wawili mwaka 1895, wakafa kwa distempa. Wakarudi tena, na mwaka 1937 walioonyeshwa London watu walijazana kuwatazama. Marekani wakamsajili rasmi 1943. Mshenzi akapewa cheti cha ukoo, huku kwetu bado anafukuzwa kwenye vibanda vya chipsi.

Wangu nilimpata Kibirizi, kwa mwenye boti aliyetoka upande wa pili. Jike, mwekundu, kifua cheupe. Sidai ni basenji wa vyeti, hana karatasi yoyote, ila umbo na tabia ni zilezile. Wiki ya kwanza nikadhani anaumwa, maana paka wa jirani alipita juu ya ukuta, yeye akamtazama tu. Nikamwita Kimya. Siku ya nane, treni ya kutoka Tabora ikapiga honi ikiingia stesheni. Kimya akakaa kitako, akainua pua, akatoa sauti ndefu inayopanda na kushuka, mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza nani kafiwa.

Ni msafi kupita kiasi, anajilamba miguu kama paka. Lakini usidhani ni mpole. Anapanda ukuta, anafungua kitasa, na ukimwita anakutazama kwanza aone kama kuna faida. Alinitoroka Kibirizi akaingia kwenye dagaa walioanikwa, hakula kwa haraka, alipita mstari baada ya mstari akichagua. Mama mwenye dagaa akanidai ndoo nzima. Nililipa, na mpaka leo nikipita ananiuliza, "Baba Kimya, leo umekuja peke yako?"

Sasa sikiliza jambo la mbung'o, maana hapa ndipo hela za watu zinapofia. Nilikuwa na German Shepherd, nimemleta kutoka Dar kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa mpaka leo. Nikaenda naye na Kimya kwa rafiki yangu mwenye mizinga ya nyuki, porini upande wa Uvinza, siku tatu. Wiki chache baadaye yule mkubwa akaanza kupungua, fizi zikawa nyeupe, halafu jicho moja likaingia utando wa buluu kama maziwa yaliyotiwa wino. Nikadhani kapigwa. Muuza dawa mmoja wa mifugo akaniambia ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Ilikuwa nagana, ugonjwa unaoletwa na kuumwa na mbung'o. Daktari alipokuja kuchukua damu, mbwa hakuweza hata kusimama. Kimya alilala mahali palepale, na hajaugua.

Simaanishi mbwa wa kienyeji hafi kwa mbung'o, anakufa. Ila waliozaliwa kwenye maradhi haya vizazi na vizazi huwa wana nafuu kuliko mgeni. Ukiona jicho la buluu na fizi nyeupe, daktari siku hiyohiyo, na usijaribu kumchoma mwenyewe sindano ya ng'ombe. Mbwa akizidishiwa kidogo tu, dawa inampanda kichwani.

Jambo la majirani pia usilidharau. Mimi nina shangazi Ujiji, mate ya mbwa kwake ni najisi, nguo ikiguswa inaoshwa mara saba na moja ni kwa udongo. Nikienda kwake Kimya anabaki nyumbani. Ukiishi kati ya watu wa namna hiyo, jenga banda lenye wavu kabla ya kununua mbwa.

Ukishikilia kununua basenji wa vyeti kutoka nje, omba majibu ya kipimo cha Fanconi kwa wazazi wote wawili. Ni maradhi ya kurithi ya figo, sukari inapotelea kwenye mkojo, mbwa anakunywa maji bila kutosheka huku anakonda. Wafugaji wa Marekani yaliwasumbua kiasi kwamba mwaka 1990 walifungua tena daftari la ukoo ili kuingiza damu mpya. Damu hiyo waliifuata wapi? Kongo, vijijini, kwa hawahawa wenye njuga.

Kimya ana tumbo sasa. Baba ni wa Kibirizi, naye mkia umekunjwa. Wakizaliwa nitaweka picha hapa.