Sina ninayemjua kwenye fani: je, Stack Overflow itanisaidia?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Likoni, Mombasa. Nilimaliza diploma ya teknolojia ya habari mwaka juzi, na sasa nawatengenezea wenye maduka na chama kimoja cha akiba mifumo ya kupokea malipo ya M-Pesa. Kazi naiweza, ila sina mtu ninayemjua kwenye fani hii. Rafiki yangu aliye Nairobi ananihimiza nijibu maswali Stack Overflow, ile tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, eti huko ndiko watu wanakojulikana. Nimejiunga miezi mitatu sasa. Swali langu la kwanza lilifungwa siku ile ile, na majibu mawili niliyotoa hayana kura hata moja. Swali lenyewe liliitwa "M-Pesa inakataa, msaada tafadhali", nikabandika msimbo (code) wote chini yake. Nimekutumia uuone. Je, niendelee, au namaliza bando bure?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote, kuna jambo la kufanya leo hii. Katika huo msimbo uliobandika, mstari wa 9 na wa 10, mna funguo za siri za mteja wako, wazi kabisa. Kuzifuta kwenye swali hakutoshi, kwa sababu matoleo ya zamani ya swali hubaki kwenye historia yake na yeyote anaweza kuyafungua. Mwambie mteja, mbadilishe funguo hizo, kisha urudi tuongee.

Sasa swali lako. Endelea, lakini ujue umeingia mahali pa namna gani. Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoianzisha Stack Overflow mwaka 2008, hawakuwa wanajenga baraza la kupigia soga. Walitaka swali likijibiwa leo, mwenye shida hiyo hiyo mwaka ujao alikute jibu pale pale. Ndiyo maana hakuna ujumbe wa faragha, husaini jina chini ya jibu, na hata "asanteni sana" yako huondolewa. Aliyezoea vikundi vya WhatsApp huona watu wa pale ni wakavu. Wengine ni wakavu kweli, lakini nyingi ya sheria hizo zipo kwa faida ya msomaji ambaye bado hajafika.

Na huyo msomaji ndiye atakayekujua wewe. Ni saa nane usiku, mtu Kisumu au Kampala anahangaika na malipo yanayogoma, anatafuta, anakutana na jibu lako la mwaka jana, analijaribu, linafanya kazi. Hapo ndipo anabonyeza jina lako kuona wewe ni nani. Akikuta ukurasa mtupu, mmeachana. Akikuta sentensi mbili zinazoeleza unachofanya, mji ulioko, na kiungo cha GitHub (tovuti ya kuwekea na kuonyesha msimbo) au barua pepe ya kazi, ana pa kuanzia. Kwa hiyo jaza ukurasa wako usiku huu. Ni kazi ya dakika kumi.

Alama ambazo tovuti inakupa kwa majibu yako zisikushughulishe sana. Kura moja kwa jibu lako hukupa alama 10, na mwenye swali akilikubali unapata 15 zaidi. Zitafute mpaka 50, kwa sababu hapo ndipo unaporuhusiwa kuweka maoni popote kwenye kazi za wengine, na mahusiano mengi huanzia kwenye maoni. Baada ya hapo, waachie wanaopenda mashindano. Sijawahi kuona mtu akiajiriwa kwa wingi wa alama. Nimeona watu wakitafutwa kwa jibu moja.

Sasa tuone kwa nini majibu yako mawili hayakupata kura. Yote yalihusu kupanga orodha katika lugha ya programu ya Python, maswali ambayo yameshajibiwa mara mia na watu wa dunia nzima. Tena tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, maswali mepesi ya namna hiyo watu wanaiuliza mashine, na maswali mapya pale yamepungua sana. Yanayobaki ni yale yanayotaka mtu aliyeyashika kwa mikono yake. Wewe unaijua Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Unajua namba ya simu lazima ianze na 254 bila alama ya kujumlisha, na kwamba anwani ya kupokelea majibu ya malipo haiwezi kuwa ya kompyuta yako ya mezani, ni lazima ifikike kwenye intaneti. Mtaalamu wa Berlin hajui hayo. Fuata tagi ya mpesa (lebo inayokusanya maswali ya mada hiyo), soma maswali ya zamani ambayo hayajajibiwa, na ujibu yale tu uliyoyajaribu mwenyewe. Na usinakili jibu la mashine. Tangu Desemba 2022 limepigwa marufuku pale, na wazoefu wanalinusa mapema.

Lugha isikutishe. Stack Overflow ina matawi ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani, la Kiswahili halipo, na hilo linaniuma kila ninapofundisha vijana. Andika Kiingereza chepesi, sentensi fupi, na ujumbe wa kosa uubandike neno kwa neno kama ulivyotoka.

Nikusimulie kilichonipata mimi. Nilijibu swali moja la malipo kwa kujiamini sana, nikasema tatizo ni cheti cha seva. Baada ya saa moja mtu nisiyemjua akaandika maoni mistari miwili: nimekosea, na hivi ndivyo anavyojua. Niliumia. Nilijaribu alichosema, nikakuta ni kweli, nikahariri jibu na kueleza wazi kwamba marekebisho ni yake. Wiki iliyofuata tukakutana tena chini ya swali jingine, kisha jingine. Mwishowe aliniandikia barua pepe akauliza kama nina nafasi ya kumsaidia mradi wa miezi minne. Tunafanya kazi pamoja hadi leo. Kilichomvuta, aliniambia baadaye, ni namna nilivyopokea sahihisho. Werevu wangu hakuuona kwenye lile jibu.

Mtu akikuandikia, usikimbilie kuomba kazi. Mjibu alichouliza. Ukiona kazi yake iko wazi GitHub, msaidie kitu kidogo huko. Na ukimtumia mtu salamu LinkedIn, mtajie swali mlilokutana nalo, maana jina tupu halimkumbushi kitu.

Tumalizie na lile swali lililofungwa. Halijafutwa. Watu watatu wenye alama za kutosha walipiga kura kulifunga kwa sababu hakuna ambaye angeweza kulijibu: kichwa hakisemi kitu, msimbo ni mistari 300, na hukuandika mfumo ulirudisha ujumbe gani. Ukilihariri vizuri litaingia kwenye foleni ya kufikiriwa upya. Kichwa kiseme hivi: ombi la malipo la Daraja wakati mwingine linakubaliwa, wakati mwingine linakataliwa kwa kosa la utambulisho. Chini yake acha ile mistari kumi na mbili inayounda nywila na kutuma ombi, bila funguo halisi.

Nadhani nimeuona ugonjwa wenyewe. Nywila ya ombi huundwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda, kisha kuvigeuza kwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida. Muda huo huo, tarakimu 14, lazima utumwe pia ndani ya ombi. Wewe unaiuliza saa mara mbili: mara ya kwanza mstari wa 41 unapounda nywila, mara ya pili mstari wa 58 unapotuma. Mara nyingi zinaangukia sekunde moja, malipo yanapita. Ikitokea nywila ina 20240611142359 na ombi lina 20240611142400, linakataliwa. Iulize saa mara moja, weka jibu kwenye kigeu (variable), litumie kotekote.

Jaribu hivyo kwanza, siku nzima, uone kama ombi halitagoma. Likifaulu na swali likifunguliwa, lijibu mwenyewe. Inaruhusiwa, na baada ya siku mbili unaweza kulikubali jibu lako. Eleza kwa nini kosa lilikuwa linakuja na kuondoka, kwa sababu hicho ndicho kitakachomsumbua yule wa saa nane usiku.