Jibu: Lipu ya nyumba ya Lamu na kilima cha 3400

Dada, umeuliza kama kilima kipana cha 3400 cm⁻¹ kwenye spektra yako ya infraredi (mchoro wa mwanga usioonekana unaofyonzwa na sampuli) kinaonyesha ukuta una maji. Si lazima. Potasiamu bromaidi, ile chumvi unayochanganya na lipu kutengeneza kidonge cha kupimia, hunywa unyevu, na hewa ya Lamu unaijua. Ikaushe chumvi hiyo kwenye oveni 110 °C usiku kucha, kisha pima kidonge kitupu, bila lipu. Kilima kikibaki, pamoja na kile kidogo cha 1640, basi ni chumvi yako.

Kidonge: miligramu 1.5 za lipu kwa 200 za chumvi, kandamiza tani 8 kwa dakika 2. Saga sana! Punje kubwa hutawanya mwale, na mstari wa chini wa mchoro hupanda upande wa namba kubwa.

Vilele vya 875 na 712 ni kalsaiti, chokaa iliyokwisha kukomaa. Kilele chembamba kama sindano karibu na 3640 ni chokaa ambayo bado mbichi. Funga chupa ya sampuli, la sivyo hewa itaigeuza iwe kalsaiti. Tazama pia kando ya 875: kijilele cha 856 hivi ni aragonaiti, madini ya matumbawe na kombe, yaani matumbawe yasiyoiva tanuuni, au vipande vya kombe vilivyokuja na mchanga. Sampuli usiioshe kwa maji, jasi ikiwemo itayeyuka.