Bangili haijui mtoto anaogopa nini

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ana usonji. Nilijaza dodoso la wasiwasi liitwalo SCARED, la mzazi, nikapata alama 31. Yeye alipojaza la watoto akapata 4. Sasa kuna mtu ananiuzia bangili ya kupima wasiwasi kwa mapigo ya moyo, anasema moyo haudanganyi. Nishike kipi? – Mama Mwenye Mashaka

JIBU: Mama, bangili iache. Swali hili linanifikia mara nyingi mno, na kila mara nakuta mzazi ameshatoa fedha.

Moyo haudanganyi, ni kweli, lakini pia hausemi. Unakwenda mbio mtoto akiogopa, akikimbia, akiwa na homa, hata akirukaruka na kupunga mikono kwa furaha. Bangili inahesabu mapigo tu, sababu haiioni. Vipimo vya jasho la ngozi vina kasoro hiyohiyo. Kotisoli, homoni ya msongo inayopimwa kwenye mate, nayo huwa juu asubuhi na kushuka kuelekea usiku, hofu iwepo isiwepo. Watafiti huvitumia vipimo hivi kulinganisha makundi ya watoto. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuthibitisha kwamba huyu wako ana ugonjwa wa wasiwasi.

Kuhusu 31 na 4, hakuna aliyedanganya. Watoto wengi wenye usonji husikia tumbo likiwasokota wasijue kwamba hiyo ndiyo hofu. Wengine hulichukua swali neno kwa neno: ukimuuliza kama anaogopa kulala peke yake atajibu hapana, kwa sababu analala na kaka yake. Wewe nawe unaona anavyogoma kwenda shule na unajaza "wasiwasi", kumbe huenda ni kelele za darasani zinazomuumiza. Katika SCARED, alama 25 na zaidi ni ishara ya kutafuta uchunguzi, si ugonjwa uliothibitishwa, na dodoso lenyewe halikutungwa kwa ajili ya watoto wenye usonji. Yapo yaliyotungwa kwa ajili yao. ASC-ASD ya mwaka 2016 ina maswali 24, ya mtoto na ya mzazi, na inauliza pia juu ya hofu ya kutojua kitakachotokea. PRAS-ASD ya mwaka 2019 ina 25, ya mzazi peke yake. Hata hayo yanahitaji mtu anayeujua usonji na wasiwasi pia, akae nanyi, aulize.

Mpelekee mtu huyo maelezo ya kilichotangulia kila mtoto anapogoma au kulia. Mtoto anayeumizwa na kengele huziba masikio inapolia, kisha hutulia ikinyamaza. Mwenye hofu huanza jana yake: "Kesho kengele italia? Saa ngapi? Una hakika?" Andika maneno yake yalivyo, na saa aliyoyasema.

Usikubali pia kuambiwa "huo ni usonji tu". Uchambuzi wa tafiti 31 uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya watoto na vijana wenye usonji wana angalau aina moja ya ugonjwa wa wasiwasi. Wasiwasi huo unatibika, hasa kwa tiba ya mazungumzo iliyorekebishwa iwafae.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaopima asubuhi na jioni wanakuuzia matone ya kutuliza, kwa kipimo chao wenyewe. Kwao kila mtoto ana alama mbaya, na baada ya chupa tatu alama inakuwa nzuri. Wazazi, mtu anayeuza kipimo pamoja na dawa yake msimpe mtoto wenu.

Na hiyo alama nzuri ndiyo inayonitisha. Nilimpokea mtoto ambaye kifaa kilionyesha yuko shwari, hivyo akawa anasukumwa darasani kila siku akilia, watu wakisema ni ukaidi. Mama yake ndiye aliyegundua kwamba chupa ya maji ilikuwa inarudi nyumbani imejaa. Mtoto alikuwa hanywi maji shuleni ili asihitaji kwenda chooni, kwenye mashine ya kukausha mikono aliyoiogopa.