Pole: neno la kulijua vizuri kabla hujaanza kuongoza wageni mlimani

Ukianza kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro, utalitamka neno "pole" kutwa nzima, na mgeni atakuuliza maana yake hata kabla hamjafika Mandara, kambi ya kwanza njia ya Marangu. Wengi wanaoanza hujibu kwamba pole ni "taratibu". Mgeni akijikwaa akaambiwa tena "pole", wanamwambia kwamba hiyo ni "samahani". Anabaki na maneno mawili yasiyohusiana, na moja kati ya hayo si kweli.

Anza na kitenzi poa. Uji unapoa, jeraha linapoa, hasira zinapoa. Humo mna poza, mna mpole na upole, na mna "poa" ya vijana wa stendi. Ushahidi ulio karibu zaidi uko kwenye salamu zetu wenyewe: mtu akiambiwa "pole na safari", hujibu "nimeshapoa". Kwa hiyo unayempa pole humwombi radhi. Unamtakia atulie, maumivu au uchovu umpungue. Samahani ni neno la mwenye kosa, na asili yake ni Kiarabu. Tofauti hii ieleze mapema, kwa sababu mgeni Mwingereza akisikia pole baada ya kuteleza hukujibu kwamba si kosa lako, naye yuko sahihi.

Atakayeuliza kwa makini atataka kujua l ya pole imekwenda wapi kwenye poa. Hapa inafaa ukae kidogo. Kiswahili kimeangusha l iliyokuwa kati ya irabu katika maneno mengi ya asili. Wachewa wa Malawi wanasema njala na mvula, sisi tunasema njaa na mvua. Vivyo hivyo pola yao, inayosemwa kidonda kikipona, kwetu ni poa. Wazulu wana phola. Washona, ambao penye l yetu ya zamani wao huweka r, wana pora. Waganda husema mpola kwa maana ya polepole, na Wakikuyu, ambao p yao imegeuka h, husema kahora. Katika pole na mpole l imebaki, katika poa imeanguka. Udugu wa maneno unathibitishwa na mabadiliko ya sauti yanayojirudia neno baada ya neno, huku maana zikibaki jirani: ubaridi, utulivu, nafuu.

Kufanana peke yake hakutoshi. Kipolandi kina pole, maana yake shamba au uwanda, na jina la nchi yao limetoka huko. Kiestonia nacho kina pole, maana yake "si", mkato wa maneno mawili yaliyoungana. Kiingereza kina mawili yanayoandikwa hivyohivyo: moja ni mti au nguzo, kutoka Kilatini palus, na jingine ni ncha ya dunia, kutoka Kigiriki polos, yaani mhimili. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye undugu na letu. Mgeni Mwingereza anayelisoma kwenye fulana atalitamka kwa silabi moja na kudhani unazungumzia fimbo alizoshika mkononi. Mfundishe kwa kupiga hatua: PO-le, mkazo mwanzoni. Polepole mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu, po-le-PO-le, na kwa sanifu ni neno moja.

Ndani ya Kiswahili nako kuna mtego. Usiliingize pona kwenye ukoo huu kwa kuwa tu maana yake iko karibu. N yake haielezeki kwa kanuni ya l iliyoanguka. Ukiwa Arusha, usitafute ndugu wa pole katika Kimaasai, kwani si lugha ya Kibantu. Kichaga ni cha Kibantu, lakini Machame, Vunjo na Rombo hawasemi sawasawa, kwa hiyo waulize wazee wa kila upande na uandike jina la kijiji pembeni ya neno. Daftari la safu tatu linatosha: neno, mahali, sentensi nzima lilimotamkwa. Safu ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, na bila hiyo maana hupotea.

Mlimani, maana ya kupoa ina kazi yake. Ukishapita mita 3,000 hewa ni nyepesi, na anayekimbilia kambi ya Horombo, mita 3,720, huifikia na kichwa kinachogonga na kichefuchefu. Mwambie polepole si mwendo wa mchovu, ni mwendo ambao pumzi imepoa. Kipimo ni rahisi: mpe sentensi ndefu aiseme huku anatembea. Akiikata katikati ili avute pumzi, punguza hatua, na wagumu, yaani wapagazi, wapite mbele na mizigo yao.