Re: Kupima kina cha nyangumi kwa haidrofoni za kuvuta (usitoke bila sensa ya presha!!)

Mkuu simama hapohapo. Umeandika mnataka kuvuta haidrofoni mbili (maikrofoni za chini ya maji, zinakaa kwenye kebo) nyuma ya boti kule mkondo wa Pemba mjue nyangumi anapiga zile kliki zake akiwa kina gani, unauliza mchukue rekoda ipi na betri ngapi, halafu katikati umechomeka "kebo itakaa kina kama mita 10 hivi". Hiyo "kama mita 10 hivi" ndo itawamaliza.

Njia yenyewe sibishi, inafanya kazi. Mlio unafika mara mbili, ule wa moja kwa moja na ule uliogonga uso wa maji ukarudi, unachukua tofauti ya muda, unaweka umbali wa kutoka kwenye haidrofoni hadi kwa nyangumi, unapata kina chake. Ila kina cha haidrofoni kimo humohumo kwenye hesabu, unagawanya kwa hicho. Nyangumi yuko mita 600 chini, umbali mita 1,500, kebo kiukweli iko mita 6, mlio wa pili unachelewa milisekunde 3 na kidogo. Wewe ukiingiza 10 unampata yuko mita 360, na grafu inatoka safiii, hakuna cha kukushtua.

Sisi jamaa aliyetuuzia kebo alituapia ina uzito wa kutosha, ikishanyooka haichezi. Sijui kama hata pantoni alishawahi kupanda yule. Kebo inapanda boti ikikimbia, inazama ikipunguza, basi kila nahodha akipunguza mashine kupisha ngalawa, nyangumi kwenye skrini anazama, akiongeza nyangumi anapanda, na sisi wasomi wazima tukaandika kwenye ripoti eti mnyama anaitikia kelele za injini 😂 Aliyetuumbua ni mtu aliyeweka spidi ya GPS juu ya grafu yetu, mistari ikaenda sambamba mwanzo mwisho. Mafuta, boti, posho za watu, vyote vikaenda na maji, na kurekebisha haiwezekani maana kina cha kebo hakikurekodiwa popote.

Sensa ya presha (inapima presha ya maji, ndo inakwambia kina), moja kila mwisho wa sehemu yenye haidrofoni, irekodi muda wote kwa saa ileile ya sauti. Usiniambie bajeti, punguza siku ya boti. Na usije na hadithi za kuongeza chubwi, chubwi haikwambii kebo iko wapi. Kabla hamjatoka zishusheni zote pale gatini kwa kamba iliyopimwa, kina kimoja, muone kama zinasoma sawa, yetu ya kwanza ilikuwa inadanganya mita 2 na imetoka kwenye boksi siku hiyohiyo.