Anza mapema Novemba

Zawadi za Krismasi anza kununua wiki ya kwanza ya Novemba; za kuagiza kutoka nje zitangulie, Oktoba hivi. Nimewahi kufanya kazi ya kupokea mizigo: Desemba ikifika katikati, maboksi yanapangwa mpaka kwenye korido na kifurushi cha siku 5 kinachukua wiki 2. Simu na vyombo vya umeme vinaweza kusubiri punguzo la Black Friday, ambayo huangukia kati ya Novemba 23 na 29. Ila viatu vya watoto nunua mwisho kabisa, miguu yao inakua haraka mno. Na risiti itunze: mara nyingi siku za kurudisha bidhaa zinahesabiwa tangu uliponunua, si tangu zawadi ilipofunguliwa.