Maziwa hayaondoi sumu ya dawa ya wadudu
Umeuliza kama mpiga dawa aliyeanza kutoka jasho jingi, udenda na kutetemeka misuli anyweshwe maziwa. Hapana. Maziwa hayaondoi sumu. Wala usimtapishe, anaweza kupaliwa dawa ikaingia mapafuni. Mtoe shambani, mvue nguo zote pamoja na mkanda na viatu (ngozi ya mwili hufyonza sumu sana nguo zikiwa zimelowa), umwoshe kwa sabuni na maji mengi angalau dakika 15, nywele na chini ya kucha pia. Wewe vaa glavu. Akilegea, mlaze kiubavu.

Mwangalie macho: mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, shuku oganofosfeti au kabameti, aina mbili za sumu za wadudu zinazovuruga neva. Hiyo ni dharura, dawa yake hospitalini ni atropini. Nenda na chupa yenyewe. Daktari anahitaji jina la kiambato (kemikali yenyewe iliyo ndani ya dawa), jina la biashara halimsaidii sana.

Na mara nyingi sumu haikupitia puani. Bomba la mgongoni linavuja kwenye mfuniko, shati linalowa, mtu anaendelea kupiga dawa hadi jioni. Barakoa ya kitambaa hapo ni pambo tu.